Kiti Kilichowashinda Mabingwa wa Bao

Hapo zamani, wakati watu wa pwani walipokuwa bado wakimaliza ugomvi wao kwenye bao kabla ya kuupeleka kwa kadhi, palikuwa na mji ukiitwa Uvumba, na katika mji huo akitawala Sultani Alawi. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu wasimulizi wengi wakimfikia sultani humvika ubaya kabla ya kumvika joho, nami siupendi uvivu huo. Alipenda bao kuliko chakula, na kosa lake lilikuwa lile la wapenzi wote wenye madaraka: alikipenda kitu mpaka akataka kukitengeneza.

Basi desturi ya Uvumba ilikuwa hivi. Kila mwaka baada ya mavuno, mitaa minane ilipeleka wachezaji wake katika uwanja wa jumba la Sultani, wakacheza bao mbele ya watu wote. Mtaa ulioshika mkia ulitoka, na mtaa mwingine uliokuwa ukingoja nje ukaingia mahali pake. Aliyeshinda alivikwa joho na Sultani kwa mikono yake mwenyewe. Tena palikuwa na kanuni mbili za kale ambazo hata mtoto alizijua. Ya kwanza, fikra haziharakishwi: mchezaji akiliinamia bao kutafuta njia, hapana ruhusa ya kumhimiza. Ya pili, anayenyanyuka kabla ya mchezo kwisha ameshindwa, hata akinyanyuka kwa kuumwa na siafu.

Mchezo ulikuwa mtamu, lakini nisiufanye kuwa wa malaika. Kila mashindano yalipokaribia kwisha, mitaa iliyohofia kutoka iliingiwa na wazimu. Mbuzi walitembea kutoka nyumba ya mchezaji huyu kwenda nyumba ya mchezaji yule, na mbuzi hawatembei bure. Mwaka mmoja mchezaji alipiga chafya mbele ya Sultani, kete zikamdondoka kutoka mkono wa kanzu. Hapo Waziri Sabiti akaona njia.

"Bwana wangu," akasema, "mtu huiba kete kwa sababu anaogopa kuanguka. Ondoa anguko, na wizi utakwisha. Viuze viti vinane vya uwanjani kwa mabwana wanane wenye mali, viwe vyao na vya watoto wao milele. Bwana asiyeweza kutolewa atamlisha mchezaji wake vizuri, atamlipa kila mwezi, wala hatakuwa na haja ya kumtuma mbuzi kwa mtu."

Maneno hayo hayakuwa ya kijinga. Na kwa kuwa hazina ya Sultani ilikuwa imekonda, yalimwingia kwa masikio yote mawili. Seremala akachonga viti vinane vya mpingo vyenye nakshi, mabwana wakavinunua, mitaa ikaambiwa ahsanteni, sasa mtakuwa watazamaji. Ikawa kweli mbuzi wakapumzika. Wachezaji wakanenepa, wakavaa kanzu safi, na mabao yakapakwa mafuta kila wiki. Aliyelalamika aliulizwa kama anazitamani zile kete za chafya, naye akanyamaza.

Lakini bwana mmoja ambaye kiti chake kilishika mkia mara kwa mara alikwenda kulia kwa Sultani, na Sultani kwa huruma yake akaongeza kanuni. Kiti kitakachokuwa cha mwisho kitapata Fungu la Mnyonge, yaani bwana wake atasamehewa ushuru wa mwaka mzima, tena atakuwa wa kwanza kumchagua mchezaji hodari anayechipukia mitaani. Huruma ni chumvi, ikizidi mchuzi haulikwi. Tangu siku hiyo kushinda kulileta joho, na kushika mkia kulileta msamaha wa ushuru. Na joho la sufu, kwa joto la Uvumba, halina kazi nyingi. Mabwana hawakuhitaji kufundishwa hesabu hiyo. Ikawa mabingwa wanashindana kushindwa.

Sasa katika mtaa wa Kibokoni alikaa mtu mmoja jina lake Faki, aliyekuwa hana shamba, hana duka, hana chombo, ila ulimi. Bao lake lilikuwa mashimo aliyoyachimba uani mwake, na kete zake alizichuma mwenyewe vichakani. Alicheza vizuri. Zamani alitumaini kwamba iko siku mtaa wake utampeleka uwanjani, na viti vilipouzwa aliugua kwa siku kadhaa, ingawa mkewe Mize aliwaambia majirani kuwa ni homa.

Siku moja Mize alimtuma Faki sokoni kununua samli. Njia ikapita uwanjani, na mashindano yalikuwa yakiendelea, basi Faki akasimama kidogo, na kila mwenye mke anajua kidogo hicho ni kirefu kiasi gani. Akawaona mabingwa wawili wameinamia bao, na kila mmoja akiwa na njia mbili alichagua ile ya hasara, wakikaribishana ushindi kama watu wawili mlangoni, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Mwamuzi aliona lakini hakuwa na la kusema, kwa kuwa kucheza hovyo si kosa katika bao. Kungekuwa kosa, nusu ya wanaume wa pwani wangekuwa gerezani. Watazamaji wakapiga miayo.

Faki akasema kwa sauti, "Jamani, hapa wachezao ni viti. Watu wamewekwa juu ili viti visipate vumbi."

Watu wakacheka sana, maana walikuwa na hamu ya kucheka. Kicheko kikafika kwa Waziri, na Waziri akakifikisha kwa Sultani, na Faki akapelekwa mbele na chupa yake tupu ya samli mkononi.

"Ewe Faki," akasema Sultani, "umesema viti vyangu ndivyo vichezavyo?"

"Nimesema, bwana wangu, umri wako uwe mrefu."

"Basi nayafuta mashindano haya, yataanza upya Jumamosi. Nawe utaleta kiti kitupu, hapana mtu juu yake, nacho kicheze na mabingwa wangu. Wewe usiguse hata kete moja. Kikishika mkia, mji utajua kuwa wewe ni mwongo uliyeutukana mchezo wangu, nawe utatoka Uvumba pamoja na mkeo, msirudi."

Faki akauliza, "Bwana wangu, kiti hicho kitacheza kwa kanuni zile zile?"

"Zile zile. Hapana kitakachozidi wala kitakachopungua."

"Umeapa, bwana wangu?"

Sultani akaapa mbele ya watu, na Waziri akacheka mpaka akashika ubavu.

Faki alipofika nyumbani, Mize aliitazama ile chupa, akaelewa kuwa samli haimo, ila hakuelewa kilichomo. Faki akamweleza yote. Mize akakaa kwenye kizingiti.

"Mwanamume wewe," akasema, "nimekutuma samli umeniletea hukumu."

"Mke wangu, lilinitoka tu."

"Yako yote hukutoka tu. Na mama yangu je? Yuko pale kitandani, hata kugeuka mpaka nimgeuze. Nimbebe mgongoni niende naye wapi? Au nimwache, anywe maji kwa mkono wa nani?"

Faki aliogopa, tena aliona haya, kwa sababu mama yule alimpenda kuliko mkewe alivyompenda siku hiyo. Akatoka uani akayakalia mashimo yake ya bao, akafikiri mpaka jua likamhama. Kisha akaamka, akajipangusa vumbi, akaenda kwa Bwana Famau.

Bwana Famau alikuwa mmoja wa wale wanane wenye viti, tajiri ambaye akikupa mkono ukirudi nyumbani huhesabu vidole vyako. Alikuwa amemfukuza mchezaji wake kwa kula wali mwingi.

"Bwana wangu," akasema Faki, "nasikia kiti chako hakina mtu."

"Kinahitaji mtu wa nini? Kiti ni changu, akae mtu asikae. Ila Waziri ananisumbua nilete mchezaji Jumamosi, nao wachezaji wote wana matumbo."

"Niazime kiti kikacheze peke yake, kwa amri ya Sultani. Hakili, hakivai, hakidai mshahara."

Bwana Famau akamtazama kwa macho membamba. "Na kitashika mkia?"

"Bwana wangu, katika umri wako umewahi kuona kiti kikisogeza kete?"

Bwana Famau hakuwahi kuona. Akaliona Fungu la Mnyonge likiingia mlangoni kwake bila gharama hata ya kikombe cha kahawa, akamkubalia Faki papo hapo, na kwa furaha akampa na kitambaa cha kukipangusia.

Jumamosi ikafika, na hapana mtu aliyebaki nyumbani ila wagonjwa na wenye kuwauguza. Mize alikuwa mmoja wao. Nguo zao alikwisha zifunga bunda moja.

Kiti cha Bwana Famau kikawekwa mbele ya bao, kitupu, kikimeta. Wa kwanza kukabiliana nacho alikuwa Mbaruku, mchezaji mnene mwenye pete. Na kwa kuwa desturi humpa mgeni nafasi ya kuanza, mwamuzi akakigeukia kiti akasema kwa adabu, maana hakujua aseme vipi, "Tafadhali anza."

Kiti kikakaa kimya, na uwanja mzima ukakaa kimya.

"Mbona hakianzi?" akauliza Waziri.

"Kinafikiri," akasema Faki.

Watu wakaangua kicheko. Waziri akasema, "Kihimizwe." Mwamuzi akamtazama Sultani, na Sultani akakumbuka kiapo chake, akasema kwa shingo upande, "Fikra haziharakishwi."

Basi Mbaruku akangoja. Akakitazama kiti, akalitazama bao, akautazama mlango. Faki alikuwa amesimama kando, jasho likimtiririka mgongoni, kwa sababu yote aliyoyapanga yalikuwa ndani ya kichwa cha mtu mwingine, na kichwa chenyewe hakikuwa chepesi. Mbaruku akiamua kukaa, kiti hakitashinda kamwe. Muda ukapita. Kisha bwana wake Mbaruku, aliyeketi nyuma, akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye mapafu mazima. Mbaruku akageuka, akaona uso wa bwana wake, na polepole akaelewa. Kukishinda kiti ni kuusogelea ushindi, na kuusogelea ushindi ni kulipa ushuru.

"Kiuno changu," akasema Mbaruku, akanyanyuka.

Mwamuzi akatangaza, "Aliyenyanyuka ameshindwa. Kiti kimeshinda."

Hapo mabwana wengine wakaamka usingizini. Walikuja wakidhani kiti kitashika mkia bila ushindani, na sasa waliona kumbe kinaweza kusaidia watu. Mchezaji wa pili hakungoja kukoholewa. Aliketi, akasema mama yake anamwita, akanyanyuka. Wa tatu alinyanyuka akidai ameketi juu ya kitu. Wa nne makalio yake hayakugusa kiti vizuri, mwamuzi akalazimika kuuliza kama alikuwa ameketi au la. Watu wakacheka mpaka machozi, na Sultani mwenyewe akacheka, ingawa kila alipocheka kicheko kilikuwa kifupi kuliko kilichotangulia. Bwana Famau peke yake alianza kulia. "Shuka," alikiambia kiti chake kwa sauti ya chini, "shuka, mwanaharamu." Lakini kiti hakikuwa na mahali pa kushukia.

Wa mwisho kupambana na kiti alikuwa Kheri, mchezaji wa Bwana Shomari. Kheri alikuwa mtu mzima, mkimya, aliyefundishwa bao na baba yake, na baba yake na babu yake. Aliketi, akazipanga kete zake vizuri, moja moja, akaweka mikono magotini, akangoja. Bwana Shomari akakohoa. Kheri hakugeuka. Bwana Shomari akakohoa tena mpaka jirani yake akampa maji.

"Kheri," akasema hatimaye, wazi mbele ya watu, "kiuno hakikuumi?"

"Hakiniumi, bwana."

"Nyanyuka."

"Bwana wangu, mchezo haujaisha."

"Nani anakulisha wewe?"

Kheri akalitazama bao. Akasema, si kwa Bwana Shomari wala kwa mtu yeyote, "Nimefungwa na watu, na kufungwa na mtu si aibu, nilikwenda nyumbani nikajifunza. Leo niseme nimefungwa na mbao." Machozi yakamtoka, asiyafute. Kisha akanyanyuka, akawapa watu mgongo.

Uwanja haukucheka. Faki, ambaye alikuwa amekwisha okoka na kufukuzwa, aliinamisha macho. Alikuja na hila ya kuwaaibisha mabwana na Waziri, na aliyeaibika alikuwa mtu pekee pale aliyetaka kucheza. Alitamani aende akamshike mkono, lakini aliogopa.

Mwamuzi akasoma matokeo kwa sauti iliyokuwa ikififia. Kiti hakikushindwa hata mara moja. Kiti ndicho bingwa wa Uvumba.

Basi joho likaletwa juu ya sinia. Sultani akalichukua, akashuka ngazi, akasimama mbele ya kiti. Kwa desturi alitakiwa kumvika bingwa mabegani na kutamka, "Mbele ya macho yangu umeshinda kwa haki." Akainua joho, akatafuta mabega, hakuyaona. Akafungua kinywa, na maneno hayakutoka. Akasimama hivyo na joho lake mikononi, na watu wote wakimtazama, mpaka jasho likamtoka chini ya kilemba.

"Bwana wangu," akasema Waziri Sabiti, "huu ni uhuni wa Faki. Mfukuze."

"Faki hakugusa kete," akasema Sultani. "Hakuna aliyekiuka kanuni. Waziri, nitajie mtu mmoja aliyeiba leo."

Waziri akafikiri. "Hapana, bwana wangu."

"Na umewahi kuona siku chafu kuliko hii?"

Waziri hakuwa mjinga, nami namtendea haki. Akasema, "Bwana wangu, ukirudisha mambo ya zamani, mbuzi watarudi."

Sultani akamgeukia Faki. "Nawe wasemaje? Mbuzi watarudi?"

"Watarudi, bwana wangu," akasema Faki. "Sitakudanganya. Palipo na hofu ya kuanguka pana mbuzi. Lakini yule aliyeficha kete kwenye mkono wa kanzu alitaka kushinda, na mtu anayetaka kushinda kwa wizi tunajua pa kumtazama: tunamtazama mikono. Anayetaka kushindwa, bwana wangu, utamtazama wapi? Leo mikono yote ilikuwa mitupu. Mabwana hawa wamewalisha wachezaji, wamewavika, si jambo baya, waendelee. Ila atakayeshika mkia naye atoke, mtaa uingie. Mtu atakula wali wa bwana wake na ataogopa kuukosa, na hofu kidogo hulitia bao ladha."

"Na Fungu la Mnyonge?"

"Mnyonge asaidiwe nyumbani kwake, bwana wangu. Ukimsaidia uwanjani, kila mtu atajifunza unyonge."

Sultani akamtazama Kheri, aliyekuwa bado amewapa watu mgongo. Kisha akacheka, mara hii kicheko kirefu, kwa sababu aliona mtu wa kuchekwa ni nani, na mtu huyo alikuwa amevaa kilemba chake. Akalipeleka joho kwa mkono wake mwenyewe akamfunika Kheri mabegani, asitamke maneno ya desturi, maana hayakuwa kweli, akasema tu, "Nisamehe." Akafuta Fungu la Mnyonge palepale. Akaamuru kiti cha mwisho kiwe kinatoka kila mwaka, na mabwana wakapiga kelele wakasema wameuziwa milele, na Sultani akawaambia watarudishiwa mali yao atakapokuwa nayo, jambo ambalo kwa hazina ile lilikuwa nalo karibu na milele.

Kisha akasema, "Faki, kiti hiki kilichoshinda nakinunua kwa Bwana Famau, nakupa wewe. Utakikalia wewe, na watoto wako, na watoto wa watoto wako."

Watu wakashangilia. Faki akakitazama kile kiti kwa hamu, kwa kuwa tangu ujana wake alitamani kuketi uwanjani, na atakayesema hakukitamani hajawahi kucheza bao la mashimo ya mchanga.

"Bwana wangu," akasema, "nipe mpaka nitakaposhindwa."

Sultani akakubali. Faki akarudi Kibokoni, safari hii na samli, akamkuta Mize amekaa juu ya lile bunda la nguo. Alipomwambia hawahami, Mize aliingia ndani akamgeuza mama yake upande wa dirishani, kisha akakaa chini akalia.

Mwaka uliofuata Faki alicheza uwanjani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa mzuri kuliko alivyodhaniwa na mbaya kuliko alivyodhani. Siku ya mwisho alikabiliana na Kheri, na watu walisongamana mpaka juu ya kuta, kwa sababu akishindwa atashika mkia, naye Kheri hakuwa mtu wa kukohoa. Kheri akamfunga. Akamfunga polepole, shimo kwa shimo, mpaka mbele yake hapakubaki hata kete moja. Faki akanyanyuka, akampa Kheri mkono, na kiti kikachukuliwa wakati ule ule kupewa mtaa wa Mkunguni.

Mize alimwona akija, mikono mitupu, akitabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

"Umeshinda?" akamwuliza.

"Nimetolewa."

"Sasa furaha ya nini?"

"Mke wangu," akasema Faki, "Kheri alihangaika. Wallahi alihangaika. Karibu na mwisho aliifuta jasho pua yake mara mbili."

Hapo ndipo nilipoikuta hekaya hii, na hapo naiacha; mwenye kuona nimeiharibu na aketi, tutaicheza upya.